Fedha za Matibabu kwa Jina la Mwenzi: Ni za Nani?

Nyumba nyingi katika nchi yetu zina mtoto, ndugu au mkwe aliyekwenda kutafuta riziki Marekani. Wakituletea habari zao, aghalabu hutueleza juu ya baridi, juu ya kazi za zamu, na juu ya ughali wa maisha. Mara kwa mara huleta pia maswali, nayo ni maswali ambayo wazee wetu hawakupata kuyaamua, kwa sababu siku zao mambo yenyewe hayakuwako. Moja la maswali hayo ni hili: mume au mke akiwa na akaunti ya matibabu kazini kwake, je, mwenzake ana haki ya kuitumia kwa ugonjwa wake mwenyewe? Na kama ana haki, haki hiyo yafika wapi?

Mtu asomaye kwa haraka atadhani kwamba hili ni shauri la makarani na wahasibu. Twaona sivyo. Ndani ya akaunti hiyo limefichwa swali la kale sana, ambalo kila nyumba, iwe ya huku au ya ng'ambo, hulikuta mapema au baadaye: watu wawili wakiisha kuoana, neno «changu» na neno «chako» hukaa wapi?

Yafaa kwanza tueleze akaunti yenyewe ilivyo, maana si akaunti ya benki. Kwa sheria ya kodi ya Marekani ya mwaka 1978, mwajiri aweza kuwapa wafanyakazi wake nafasi ya kutenga sehemu ya mshahara kwa ajili ya matibabu kabla mshahara huo haujakatwa kodi. Mfanyakazi hutaja kiasi chake kabla ya mwaka wa mpango kuanza, na mwaka ukiisha kuanza hawezi kukibadili ovyo. Hukibadili tu kama jambo kubwa limetokea nyumbani, kama vile kuoa au kuolewa, kupata mtoto, au kufiwa na mwenzi. Serikali imeweka kikomo: mwaka 2025 kilikuwa dola 3,300 kwa kila mfanyakazi. Kiasi kilichotajwa hukatwa kidogo kidogo katika kila mshahara, lakini kiasi kizima huwa tayari kutumika tangu siku ya kwanza. Fedha hizo hulipia daktari, dawa, miwani, meno na mengine ya namna hiyo, nazo haziruhusiwi kulipia kitu kingine. Zisipotumika kwa wakati wake, hupotea, isipokuwa kama mwajiri ameruhusu sehemu yake ivuke mwaka, au ameongeza muda wa miezi miwili na nusu.

Faida yake si ndogo. Mtu akitenga dola 1,200, na kama mapato yake yatozwa kodi ya asilimia 12 pamoja na makato ya hifadhi ya jamii na ya bima ya wazee ya asilimia 7.65, huokoa karibu dola 235. Kwa nyumba ya watu wa kipato cha chini, hizo ni chakula cha majuma kadhaa.

Sasa tuseme kuna mume na mke, watu wa kwetu, wakaao katika jimbo la Minnesota. Hatuwataji kwa majina, maana walio kama hao ni wengi. Mke ahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, na mume ahamisha mizigo ghalani usiku. Mke alitenga dola 1,200, naye hukatwa dola 50 mara mbili kila mwezi. Mumewe hana akaunti ya namna hiyo kazini kwake. Mwezi wa Februari jino la mume likaoza mpaka mzizini. Mkewe akamwambia aende kwa daktari wa meno, kadi ya akaunti ipo. Mume akajibu, «Hizo ni fedha zako, Mama Anna. Jino langu litangoja.» Akaendelea kutafuna upande mmoja, akinunua vidonge vya maumivu kwa siri, hata shavu likavimba na usingizi ukamtoka. Hapo mke alipogundua vile vidonge mfukoni mwa koti, hakukasirika kwa sababu ya fedha. Alisema, «Kumbe mimi kwako ni mgeni?»

Wako watakaomsifu mume huyo, waseme kwamba ni mwanamume asiyependa kuishi kwa jasho la mkewe. Twaiheshimu nia yake, lakini twadhani amekosea, na kosa lake lastahili kuchunguzwa, kwa kuwa lafanana sana na wema.

Tuulize: fedha zile zatoka wapi? Zatoka katika mshahara wa mke, ndiyo. Lakini tangu mwezi wa Januari, kila mshahara ulipofika nyumbani ulikuwa umepungua. Ni nani aliyepungukiwa? Si mke peke yake. Unga ulipimwa kwa uangalifu zaidi, viatu vya mtoto vikangoja mwezi mwingine, na mume akatoa nauli yake katika mshahara wake mwenyewe ili kodi ya nyumba itimie. Nyumba nzima imejinyima ili chungu kile kijae. Basi wote waliojinyima wana sehemu yao ndani ya chungu. Jina lililoandikwa juu yake ni la mtunzaji, kwa sababu mwajiri hawezi kuandika jina la mtu asiye mfanyakazi wake. Kuliona jina hilo kuwa ushahidi kwamba mke peke yake ndiye mwenye mali, ni kama kusema kwamba maji ya mtungi ni ya yule aliyeyateka, na wengine wakae na kiu.

Hata sheria yenyewe ya Marekani, ingawa haikutungwa ili kufundisha watu maana ya ndoa, yakubali jambo hili. Yaruhusu akaunti ilipie matibabu ya mfanyakazi, ya mwenzi wake wa ndoa, ya watoto wake mpaka mwisho wa mwaka wanaotimiza miaka 26, na ya wategemezi wake halali. Kwa kawaida mwenzi halazimiki hata kuwa katika bima ya mwajiri huyo. Tena kuna kanuni nyingine ya kushangaza kidogo. Katika nchi ile iko pia akaunti ya akiba ya afya, ambayo ni ya namna tofauti, na fedha zake hazipotei mwaka ukiisha. Lakini mume ambaye mkewe ana ile akaunti ya kwanza, inayolipia matibabu ya kila namna, haruhusiwi kuweka fedha katika hiyo ya akiba, hata kama hajapata kugusa senti moja ya mkewe. Kwa nini? Kwa sababu machoni pa sheria yeye amekwisha kufunikwa na akaunti ya mkewe. Kwa hiyo yule mume wa Minnesota, akijiona yu mbali na fedha za mkewe, ni yeye tu ajionaye hivyo. Mizigo ya akaunti ile imekwisha kumfikia. Iliyobaki ni msaada wake, nao ndio anaoukataa.

Jambo hili si geni kwetu. Papa Leo wa 13, alipoandika juu ya wafanyakazi mwaka 1891 katika waraka wake Rerum Novarum, hakuutazama mshahara kama kitu cha mtu mmoja tu. Aliufikiria pia kwa kadiri uwezavyo kumtunza mfanyakazi pamoja na mke na watoto. Zamani zile aliyefikiriwa kupokea mshahara ni mume. Leo mara nyingi mpokeaji ni mke, au wote wawili. Mpokeaji akibadilika, haki ya nyumba haibadiliki.

Wala tusidhani kwamba kosa ni la yule akataaye kupokea tu. Liko kosa la pili, nalo ni baya zaidi. Ni la mume mwenye akaunti ambaye mkewe hukaa nyumbani kulea watoto. Mke akitaja kwamba macho yake hayaoni vema, mume ajibu, «Nitaona kama fedha zangu zitatosha.» Mwanamke huyo hana mshahara wa kukatwa, lakini kazi yake ndiyo imwezeshayo mumewe kutoka alfajiri na kurudi usiku bila kuajiri mlezi. Kumfanya aombe miwani kama aombavyo mpita njia ni kumwibia heshima yake. Mume wa kwanza amejigeuza mgeni katika nyumba yake; wa pili amemgeuza mkewe kuwa mgeni. Wote wawili wamesoma jina lililo juu ya kadi wakasahau nyumba iliyo nyuma ya jina hilo.

Labda msomaji atasema: «Kama ni hivyo, basi kila mmoja na achukue kadi, akalipie apendavyo.» La, hatusemi hivyo. Haki ya kutumia si ruhusa ya kutumia bila shauri. Kitu kikiwa cha wawili, kila mmoja ana haki nacho, na kwa sababu iyo hiyo hakuna aliye na haki ya kukimaliza peke yake. Tuseme mke ametenga dola 1,200 kwa sababu atarajia kujifungua mwezi wa Mei, naye amekwisha kuhesabu atakayodaiwa na hospitali. Mume, pasipo kuuliza, anunua mwezi wa Februari miwani mbili za bei kubwa, moja ya kazi na moja ya kupendezea. Sheria haitamshitaki. Lakini amechota katika maji yaliyowekewa mzazi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba daftari la nyumba sharti lisomwe na watu wawili.

Hapa pana jambo jingine, gumu zaidi, nalo ni siri. Akaunti ikiwa kwa jina la mmoja, hesabu zote humfikia yeye. Aghalabu msimamizi wa mpango hudai stakabadhi: mgonjwa ni nani, alitibiwa nini, siku gani, kwa kiasi gani. Kwa hiyo mwenzi atumiaye akaunti hiyo hufunua ugonjwa wake. Wako wanaume waonao haya kusema kwamba wanakwenda kwa mganga wa magonjwa ya akili kwa sababu ya huzuni isiyokwisha. Wako wanawake wanaoficha uvimbe kwa kuogopa maneno. Hao huacha kutibiwa, au hulipa kwa fedha za siri, wasionekane katika karatasi.

Tuseme nini? Kwanza, mshika daftari asigeuze daftari kuwa fimbo. Kujua ni dawa gani mwenzako anakunywa, kwa sababu tu stakabadhi ilipitia mikononi mwako, si ruhusa ya kumhoji kama karani wa mahakama, wala ya kuwasimulia ndugu na marafiki. Stakabadhi ya mgonjwa ni amana. Mtu aliyeivunja amana hiyo mara moja asishangae mwenzake akiisha kumficha homa. Pili, mgonjwa naye akumbuke kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Yule ambaye atakuuguza usiku, atakayebeba watoto wako ukilala hospitalini, huyo ana haki ya kujua unaumwa nini. Twakiri kwamba kuna nyumba ambamo kusema ni hatari kweli, kwa sababu ya ukali wa mmoja. Nyumba ya namna hiyo ina ugonjwa mkubwa kuliko ule wa mwili, na haifai kumlaumu aliyenyamaza kabla ya kumtazama aliyemnyamazisha.

Sasa twafika kwenye mpaka wa haki hii, na mpaka huo hugusa moja kwa moja wengi wanaosoma ukurasa huu. Tuseme mama wa yule mume yuko huku nyumbani. Ana kisukari, na dawa zake zagharimu fedha nyingi. Mume, aliyekuwa ameona haya kutibiwa jino lake, hana haya hata kidogo kwa ajili ya mama yake. Amwambia mkewe, «Mama yangu ni mama yako. Tuandike kwamba dawa ni zangu, fedha zitoke katika akaunti, tumpelekee.»

Moyo wake ni mwema, wala hatumcheki. Huku kwetu Tanzania, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1999, ulimpa mchangiaji nafasi ya kumwandikisha mwenzi wake pamoja na wategemezi wengine wanne, wazazi wakiwamo. Mtu aliyezoea desturi hiyo ataona ajabu kwamba sheria ya ugenini yamtambua mkewe na kumkataa mama yake. Lakini ndivyo ilivyo. Mzazi aweza kuhesabiwa mtegemezi katika Marekani kama mwana amtunza kwa sehemu iliyo kubwa ya mahitaji yake. Lakini mzazi asiye raia wa Marekani, akaaye nchi nyingine isiyokuwa Canada wala Mexico, hahesabiki.

Je, ni halali kuandika uongo mdogo kwa ajili ya tendo kubwa la huruma? Twajibu: si halali, na sababu ni tatu. Ya kwanza, fedha zile zimeachiwa kodi kwa sharti lililojulikana tangu mwanzo. Mwenye kuzitoa kwa sharti la uongo huchukua katika mfuko wa watu wote, hata wa maskini wa nchi ile iliyompokea. Ya pili, atakayetia sahihi si mume, ni mke. Ndiye athibitishaye kwa mwajiri wake kwamba gharama ni za kweli. Mume amwombaye mkewe aseme uongo ili yeye awe mwana mwema, amtwika mwenzake mzigo wa dhambi na hatari ya kupoteza kazi, naye abaki na sifa ya ukarimu. Ya tatu, ugonjwa wa mama haupaswi kuandikwa kama kitu cha aibu chini ya jina la mtu mwingine. Deni letu kwa wazazi lalipwa kwa mkono ulio wazi.

Wala mama hatakosa dawa kwa sababu ya ukweli. Hebu turudi kwenye zile dola 235 ambazo nyumba imeziokoa kwa kutenga fedha zake kwa haki. Hizo zimebaki katika mshahara, ni huru, hazina sharti. Mume na atibiwe jino lake kwa akaunti, kama sheria inavyomruhusu, na fedha ambazo angempa daktari wa meno kutoka mfukoni mwake zipelekwe kwa mama kwa jina lake mama. Mara nyingi njia iliyonyoka ipo karibu. Twaikosa kwa sababu upande mmoja twakataa tulichopewa, na upande mwingine twanyakua tusichopewa.

Kwa neno hili hili twaamua na mambo madogo. Mume na mke wakiwa na akaunti mbili, kila mmoja kazini kwake, risiti moja hulipwa mara moja. Kuipeleka kwa waajiri wote wawili ni wizi, hata ikiwa hakuna atakayegundua. Gharama zilizotangulia siku ya harusi si za mwenzi, maana siku hiyo hakuwa mwenzi bado. Na mwezi wa Desemba, fedha zikikaribia kupotea, si haki kumnunulia jirani miwani kwa kisingizio kwamba ni za mkeo. Kama kitu chahitajika nyumbani kwa kweli, kinunuliwe. Kama hakihitajiki, heri kupoteza kidogo na kutenga kwa busara zaidi mwaka ujao.

Basi twawashauri wote walio katika hali hii, na ninyi mlio nao ndugu ng'ambo muwafikishie shauri hili. Kabla siku za kujiandikisha hazijafika, mume na mke waketi pamoja jioni moja, watoto wakiisha kulala. Kila mmoja aseme mwili wake unavyomsumbua, pasipo haya na pasipo kuchekwa. Waandike: jino, macho, uzazi, dawa ya presha. Wajumlishe. Kiasi watakachokipata ndicho kiandikwe kazini, kwa jina la yeyote kati yao ambaye mwajiri wake atoa nafasi. Tangu saa ile, hakuna aombaye na hakuna atoaye sadaka. Kuna watu wawili waliokwisha kupatana. Na wafanye hesabu ya pili, iliyo mbali na ile ya kwanza, kwa ajili ya wazee walioko nyumbani.

Huenda wengi wenu hamtakuwa kamwe na akaunti ya namna hii. Hata hivyo mna kadi ya bima yenye jina moja, au akiba ya chama cha ushirika yenye jina moja, au shamba la kahawa lenye jina moja. Msomaji mwenye jina lililoandikwa, jiulize leo kama mwenzako aweza kuumwa mbele yako bila woga. Na wewe usiyeandikwa, usiache jino lioze kwa ajili ya kiburi kiitwacho haya. Mwambie mwenzako mahali panapouma, upate kutibiwa mapema.